Saa 103 kwenye usukani: nilivyomfundisha binti yangu kuendesha gari

Mwanangu wa kwanza alipata leseni akiwa na miaka 18, kwa jaribio moja tu. Shule ya udereva ilimpa vipindi vyake, mimi nikamwongezea safari chache za Jumapili, na ukizijumlisha zote sidhani kama zilizidi saa 25. Nilijivuna kweli. Wiki ya tatu, jioni, mvua ndiyo kwanza inaanza kunyesha, akaligonga kwa nyuma gari lililosimama kwenye taa. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Boneti ilijikunja, taa zikavunjika, na mwenye gari alikuwa mstaarabu kuliko tulivyostahili. Kijana alirudi nyumbani kimya, akaniambia: "Mama, nilikanyaga breki pale pale ninapokanyaga siku zote. Gari likakataa kusimama."

Hilo "siku zote" lilininyima usingizi. Siku zote zipi? Nilizihesabu moja moja kichwani, na zote alizowahi kuendesha zilikuwa kavu. Mvua ya mwanzo ndiyo mbaya, maana inachanganyika na mafuta na vumbi lililolala barabarani, lami ikawa kama imepakwa sabuni. Hata ikishaoshwa, kwenye maji gari linaweza kuhitaji mara mbili ya umbali wa kawaida ili lisimame. Mimi hayo nayajua kwa miguu. Yeye aliyajua kwa kitabu, na kwenye mtihani aliyajibu vizuri kabisa.

Kwa hiyo zamu ya mdogo wake ilipofika, niliamua kwamba kupasi mtihani hakutakuwa kipimo changu. Lakini kipimo ni kipi? Nilipoanza kutafuta kijana anahitaji mazoezi kiasi gani, nilikuta nchi zenyewe hazikubaliani. California inataka saa 50 akiwa na mtu mzima pembeni, 10 kati yake usiku. New South Wales, Australia, walipandisha hadi saa 120 mwaka 2007, na leo 20 kati ya hizo lazima ziwe za usiku. Uingereza haina idadi ya lazima, ila mamlaka yao husema wanaofaulu huwa wamepata kwa wastani kama saa 45 na mwalimu na nyingine 22 na ndugu au rafiki. Wajerumani wao wana vipindi 12 vya lazima vya dakika 45 kila kimoja: 5 vya barabara za nje ya mji, 4 vya barabara za mwendo kasi, 3 vya gizani. Mfumo huo ulinigusa kuliko mingine, kwa sababu hauulizi tu umeendesha kiasi gani, unauliza umeendesha wapi na wakati gani. Bahati mbaya niliusoma, nikausifu, kisha nikausahau kwa miezi mitano. Nitaeleza.

Kilichonishawishi nilenge saa 100 ni Sweden. Mwaka 1993 walishusha umri wa kuanza kujifunza hadi miaka 16, huku leseni ikibaki miaka 18. Vijana walioitumia nafasi hiyo walifanya mazoezi zaidi ya mara mbili ya wenzao, na walipoanza kuendesha peke yao ajali zao zilikuwa chache. Nikanunua daftari, nikalipiga mistari: tarehe, dakika, njia, maoni.

Saa kumi za mwanzo sina mengi ya kusema. Ni klachi. Gari linarukaruka kama chura, linazima, linawashwa, linazima tena. Tulifanyia kwenye uwanja mtupu, nusu saa kwa siku, basi. Ukizidisha hapo mnaishia kununiana. Ila kuna jambo nililoligundua nikimwangalia yeye badala ya kuangalia barabara: macho yake yalikuwa yamegandia mita chache mbele ya boneti. Vioo hakuviangalia hata kidogo, na si kwa uzembe. Akili yake yote ilikuwa kwenye mguu wa kushoto, hakukuwa na akiba ya kutazama mbali. Ndiyo maana saa 20 zinatosha kupasi na hazitoshi kuendesha. Mikono na miguu ikishazoea kufanya kazi bila kuulizwa, hapo ndipo macho yanapata ruhusa ya kunyanyuka. Kwa binti yangu niliyaona yakinyanyuka karibu na saa ya 30. Kaka yake wakati huo ndio alikuwa ameshapewa leseni.

Tulipotoka uwanjani kuingia barabarani, mwenye kuhitaji mafunzo nikawa mimi. Siku moja tumesimama kwenye makutano, anasubiri kuingia barabara kubwa. Nikaona pikipiki inakuja kasi, nikaguna, "Haya sasa!" Yeye akaachia klachi. Bahati ilikuwa gia ya kwanza na gari likazima puani mwa ile pikipiki. Dereva wake alitueleza alichofikiria kuhusu ukoo wetu, akaenda zake. Nikamgeukia mtoto kwa ukali: kwa nini umeingia? "Si umesema haya!"

Alikuwa na haki. Neno hilo mimi nalitumia kuruhusu, kushangaa, kukata tamaa na kuaga wageni. Jioni hiyo tulikubaliana maneno matatu tu ya garini: nenda, punguza, simama. "Haya" ikapigwa marufuku mpaka gari lizimwe. Tukaongeza na hili: mahali kwanza, kitendo baadaye. "Kwenye taa zinazofuata, kushoto." Ukianza na "kata kushoto" mwanafunzi anakata hapo hapo, hata kama kushoto ni geti la watu. Na ugomvi wowote tunapaki kwanza. Mara mbili tulipaki. Mara moja nilishuka nikatembea kidogo nikarudi.

Nikiri na hili la mguu. Kiti cha abiria hakina breki, lakini mguu wangu haukulijua hilo. Kila gari la mbele lilipowasha taa nyekundu, nilikanyaga sakafu. Mkono nao ulikuwa umeng'ang'ania mpini wa mlango. "Mama, umekanyaga tena," ananiambia bila kugeuka. Kufikia mwezi wa nne zulia la upande wangu lilikuwa na kidoa kilicholika, ukubwa wa kisigino.

Mwezi wa tano nilijumlisha daftari: saa 41. Nikafurahi, nikaanza kusoma safu ya njia kutoka juu hadi chini, na furaha ikaniishia. Saa 29 kati ya hizo zilikuwa njia moja: nyumbani mpaka shuleni kwake na kurudi, asubuhi au alasiri, jua linawaka. Saba zilikuwa za uwanjani na za kujifunza kupaki. Za usiku zilikuwa tatu tu. Barabara za mwendo kasi, sifuri. Mvua, haikufika hata saa mbili, na nilijua sababu: mvua ikinyesha nilikuwa nasema leo tuahirishe. Tukichelewa, nachukua usukani mimi. Njia ikiwa ngeni, mimi. Foleni ikiwa kubwa na nimechoka, mimi. Kila hali iliyompata kaka yake, nilikuwa naiondoa mbele ya mdogo mtu kwa mikono yangu mwenyewe, halafu naandika dakika daftarini kwa kujipongeza.

Hapo ndipo nikawakumbuka Wajerumani wangu.

Niliongeza safu tatu kwenye daftari: giza, mvua, njia ngeni. Na nikageuza kanuni ya nyumba. Mawingu yakitanda, tunachukua funguo. Mvua ya kwanza tulienda kwenye ule uwanja wetu, mtupu, nikamwambia afike kilomita 30 kwa saa, akifika kwenye mti fulani afunge breki kwa nguvu. Kisha tukashuka tukahesabu hatua kutoka kwenye mti hadi kwenye tairi. Siku kavu tulikuwa tumehesabu pia. Hakusema kitu, lakini tuliporudi barabarani nilimwona ameacha nafasi kubwa mbele yake mpaka magari yakawa yanaingia pale katikati, naye anaachia tena nafasi nyingine. Nikanyamaza. Kaka yake kwenye kiti cha nyuma naye akanyamaza.

Usiku nako kuna mambo ambayo mtu mzima ameshayasahau kuwa ni ya kujifunza. Ukimulikwa na taa kali, usizitazame, shikilia macho kwenye ukingo wa barabara upande wako. Usiende kasi kuliko taa zako zinavyofika. Anayetembea kwa miguu akivaa nguo nyeusi humwoni mpaka umemkaribia mno. Hesabu yake niliifanya naye kwa karatasi: kwa kilomita 60 kwa saa, gari linapita karibu mita 17 kila sekunde, na ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki, mita 25 zimekwenda kabla gari halijaanza hata kupungua. Alizipima mita 25 mbele ya nyumba kwa hatua zake. Alirudi ameguna tu.

Zoezi lililonifaa kuliko yote halikuwa la mikono, lilikuwa la mdomo. Nilimtaka aseme kwa sauti kila anachokiona na anachodhani kitatokea. Mwanzoni ilikuwa kichekesho: "Naona gari. Naona gari jingine. Naona mti." Alikuwa anahesabu vitu, hasomi. Ilichukua majuma. Halafu siku moja, daftari linasema saa ya 74, tunapita kwenye mstari wa magari yaliyopaki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile la bluu tairi za mbele zimegeuka, atatoka huyo," akapunguza. Mimi sikuwa nimeliona. Lile la bluu likatoka bila indiketa, likakatiza mbele yetu, naye akaendelea, "Naona mama na watoto wawili, wanataka kuvuka." Hakujua hata kwamba amefanya kitu.

Saa zenyewe tulizipataje? Watu huniuliza hilo, maana sote tuna kazi. Hatukutafuta muda wa mazoezi. Safari yoyote ya nyumbani ikawa yake: kumpeleka bibi, kufuata mzigo, kwenda msibani, kurudi usiku. Yote yalichukua miezi 11, na tangu nilipogeuza ile kanuni ya nyumba sikuendesha tena gari akiwepo yeye. Tulichelewa mahali pengi.

Nilijuaje kwamba inatosha? Si kwa sababu ya 100. Tulikuwa tunarudi usiku kutoka kwa dada yangu, na nilikuwa namsimulia ugomvi mmoja mrefu wa kifamilia. Tulipofika na kuzima gari ndipo niliposhtuka kwamba sikuwa nimeitazama barabara tangu tulipotoka. Mguu wangu ulikuwa umelala. Niliandika saa ya 98, na wiki iliyofuata tukaomba tarehe ya mtihani. Siku ya mtihani daftari lilikuwa na 103. Alifeli kupaki mara ya kwanza, akapasi ya pili, na kusema kweli lile la kufeli halikunisumbua hata kidogo.

Sikumwachia gari moja kwa moja. Wakati wa kujifunza, na mtu mzima pembeni, vijana hupata ajali chache sana. Hatari inapanda mtu huyo anaposhuka, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya kuliko yote. New Zealand walilitambua hilo tangu 1987, wakaweka leseni ya hatua kwa hatua: dereva mpya haendeshi usiku wa manane peke yake, wala habebi abiria hovyo. Nikaazima kwao. Miezi sita, hakuna kubeba marafiki, saa nne usiku gari liwe nyumbani, simu iwe kwenye mkoba kiti cha nyuma. Marafiki ndilo tuliloligombania zaidi. Alisema namdhalilisha. Nikamwambia mimi mwenyewe nimekaa saa 103 kwenye kiti kile, najua abiria mmoja tu anavyoweza kumvuruga dereva. Akacheka bila kutaka.

Mwezi wa pili, mchana, alikwenda kwa shangazi yake peke yake, na anga likafunguka. Ilikuwa ile mvua ambayo waipa hazifui dafu. Mimi dirishani, simu mkononi, sitaki kumpigia akiwa anaendesha. Ikaita yenyewe.

"Mama, nimesimama pembeni, kwenye kituo cha mafuta. Sioni mbele. Ikipungua ndiyo nitakuja."

Nikakaa chini. Nikamwambia vizuri, usiharakishe.

"Halafu, Mama," akasema, "hii taa ya njano yenye picha ya pampu, imewaka tangu asubuhi. Ni ya nini?"

Katika saa 103 zote, mafuta nilikuwa najaza mimi.