Chupa zilizolala

Juzi mtoto alisimama mlangoni pa stoo akauliza, "Papa, hizi chupa zimelala kwa nini? Zinaumwa?" Nikamwambia kizibo ni gome la mti, likikauka linasinyaa, hewa inapita, divai inaharibika. Chupa ikilala, divai yenyewe inalilowesha. Zenye kifuniko cha kuzungusha hata zikisimama hazidhuriki. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi mawazo yakarudi Bukavu, kwa Mzee, na ile Jumapili ya Februari 2008.

Depo ya Mzee, stoo yake ya divai, ilichimbwa chini ya nyumba, upande wa mtaa wa Muhumba, ukuta wa nyuma ukiwa mlima wenyewe uliojengewa mawe. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, haina joto la Uvira. Kule chini kipimajoto kilikuwa kikisoma nyuzi 17, masika na kiangazi. Wataalamu wanataka 12 hadi 14. Mzee hakukosa usingizi kwa hizo tatu. "Haiogopi 17," alisema, "inaogopa panda-shuka." Divai ikipata joto inatanuka na kusukuma kizibo, ikipoa inajivuta na kunyonya hewa. Chupa iliyoteswa hivyo utaijua: chini ya kofia, ile karatasi ya bati inayofunika kizibo, kuna unyevu unaonata. Ndiyo maana friji ya jikoni aliiachia chupa za wiki hii tu. Umeme ukikatika, chupa inapata joto, ukirudi inapozwa tena.

Kipimajoto hakukitundika ukutani. Alikizamisha ndani ya chupa ya maji iliyokaa katikati ya nyingine, kwa sababu hewa inabadilika mlango ukifunguliwa tu, lakini divai inachelewa sana kupata habari.

Kilichomsumbua kweli ni unyevu wa hewa. Ukipungua sana, vizibo vinakauka. Asilimia 60 hadi 70 inatosha. Masika kule chini ilipita 85, na lebo zikaota ukungu mweusi. Alitoboa matundu mawili, moja karibu na sakafu na lingine karibu na dari ukuta wa pili, akayaziba kwa wavu wa panya, hewa ikaanza kutembea. Na kwa kuwa lebo hazikuaminika, kila chupa ilikuwa na namba begani, kwa penseli ya nta, na daftari likatunzwa juu, pakavu.

Tetemeko lilipiga tarehe 3, saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa misani. Ukubwa wake 5.9. Watu walikufa, wengi zaidi ng'ambo, Rwanda. Siku hiyo tulihesabu watu. Divai ilingoja kesho yake.

Mzee alifungua mlango akanizuia kwa mkono. "Kijana, usiingie kwanza. Sikiliza." Tukasikiliza. Hakuna kilichodondoka. Harufu ikatupokea, kali, ya divai iliyonywewa na udongo. Akawasha tochi. Rafu ya mbao upande wa kushoto, ambayo ilikuwa imeegemezwa tu bila kufungwa ukutani, ililala kifudifudi. Juu yake kabisa palikuwa na shampeni. Humo ndani kuna msukumo wa kama bar 6, karibu mara tatu ya tairi la gari, kwa hiyo hazikuvunjika, zililipuka. Vigae vya chupa vilikuwa vimechomeka kwenye mbao za upande wa pili, kimo cha uso wa mtu.

Halafu tochi ikaenda ukuta wa nyuma. Pale alikuwa amejenga vyumba vya matofali, chupa kumi na mbili kila kimoja, sakafu ya kila chumba ikiinama nyuma kidogo, upana wa kidole. Hakuna hata moja iliyotoka. Mzee akaanza na ya kwanza juu kushoto: anapitisha kidole kuzunguka kofia, ananusa kidole, anapanguza suruali, anaenda inayofuata. Moja, nyingine, nyingine. Hakusema neno. Mimi nilishika tochi mpaka mkono ukafa ganzi, wala sikuthubutu kubadilisha mkono.

Yaliyobaki yalikuwa kazi tu. Chupa ambazo divai ilikuwa imepungua hadi usawa wa bega zilitengwa zinywewe kwanza. Rafu mpya ilifungwa ukutani kwa boliti, ikapigiwa ukingo wa sentimita 3 mbele. Shampeni zikashushwa safu ya chini, na juu ya kimo cha kifua cha mtu hakikuwekwa kitu.

Sasa, Mzee siku zote alituhubiria kwamba mtikisiko unaua divai. Jenereta isikaribie ukuta wake, watu wasikimbie juu ya sakafu yake. Baada ya tetemeko lile na wadogo zake waliofuata, alisimamisha chupa chache za zamani za Burgundy, divai ya Ufaransa, kwa wiki kadhaa, mashapo yatulie. Kisha akamimina moja polepole juu ya mwanga wa tochi, akaacha kumimina mashapo yalipofika shingoni. Wageni wakasifu, wakaomba nyingine. Yeye akaonja, akaonja tena, akakaa kimya.

Kesho yake fundi alipotaka kusogeza jenereta karibu, ili waya uwe mfupi, Mzee alimfukuza. Yangu pia iko kona ya mbali ya uwanja. Waya umenigharimu, na kila fundi anayekuja ananiuliza sababu.