Daftari la Vitumbua

Mwaka 2006 jina langu lilitoka katika orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, na wazee wa upande wa baba wakakutana nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuamua kama nitakwenda. Ada ya shule za bweni za serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku, sare na nauli, na wakati huohuo kaka yangu alihitaji fedha za kujifunza udereva.

Baba mkubwa, ambaye alitupenda sote, alitoa hoja yake kwa utulivu: ujuzi wa mtoto wa kiume hubaki katika ukoo, ilhali wa kike atauhamishia kwa mumewe, tena mimi nimekwisha kufikia umri wa kuposwa. Sheria ilikuwa upande wake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Baadaye, chuoni, niliposoma jinsi Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani, alivyoieleza elimu kuwa uwekezaji unaopimwa kwa faida inayotarajiwa, nilimkumbuka baba mkubwa mara moja.

Mama, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaomba ruhusa.

“Shemeji, niwie radhi, nina neno.”

Akafungua daftari lake, lenye madoa ya mafuta pembezoni, ambamo kila alipotoka kuuza vitumbua aliandika mchele, nazi, sukari, hamira, mkaa, mauzo na kilichobaki. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa: ada ya kaka kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, dawa za bibi, hata mabati ya chumba walichokalia wazee.

“Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, kwetu,” alisema. “Mnasema ujuzi wa mwanamke hutoka nje ya ukoo. Huu wangu umetoka kwetu, umeingia kwenu.”

Kulikuwa na elimu kubwa katika kazi ile: kujua kiasi cha mchele wa kuloweka jioni, kuuwahi unga kabla haujachacha, kupandisha bei nazi zikiadimika bila kupoteza wateja. Ingekuwa kazi ya mwanamume, angeitwa fundi na angeletewa vijana wa kuwafundisha. Kwa kuwa ilifanyika jikoni, ilidhaniwa kuwa mwanamke huzaliwa nayo, na dhana hiyo huniuma mpaka leo.

Baba mkubwa aliuliza akiba ilikuwa kiasi gani. Ilitosha gharama zangu na nusu ya mafunzo ya kaka. Nusu iliyobaki akaitoa yeye mwenyewe.

Jioni ile baba alijaza fomu yangu ya kujiunga na shule, na penye kazi ya mama akaandika “mama wa nyumbani”. Nilimwomba kalamu, nikakata maneno hayo, nikaandika “mfanyabiashara”, naye akatia sahihi.