Doa Lililokataa Rangi

Baba alianza kukwamwa na ugali. Akahamia uji, uji ukamshinda, akabaki na maziwa. Mwishoni hata mate yake yalikuwa yanarudi. Tulipomfikisha hospitali saratani ya umio, bomba la chakula toka kooni hadi tumboni, ilikuwa imeshaziba njia, ikabaki kumwekea mrija tu apate kumeza. Kwetu Bomet, Kenya, ugonjwa huo si mgeni.

Miaka ikapita. Siku moja dada akanipigia simu: kuna hospitali inapima hata wasioumwa, hasa waliofiwa na mzazi kama sisi. Nilikwenda shingo upande. Nilikuwa na miaka 46, natafuna mahindi ya kuchoma bila shida yoyote. Napimwa nini?

Muuguzi alinipulizia ganzi kooni, chungu kama shubiri, na punde ulimi ukawa si wangu. "Lala ubavu wa kushoto, mzee. Kichefuchefu kikija, vuta pumzi kwa pua." Ndiyo mara ya kwanza kuitwa mzee, na sikuweza hata kubisha, maana kidude cha plastiki kilikuwa kimeshatiwa kati ya meno.

Kamera nyembamba ikashushwa kooni. Skrini ilikuwa mbele yangu. Umio wangu ulionekana wa waridi, laini, unang'aa. Nikaanza kupanga maneno ya kumsuta dada. Kisha daktari akanyunyiza iodini. Kifua kikawaka kama nimemeza pilipili, na ukuta wote ukageuka kahawia, rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea. Wote, isipokuwa doa moja la manjano iliyopauka, kama punje ya maharagwe.

"Hapa pamekataa rangi," daktari akasema.

Alinieleza baadaye. Seli nzima za umio huwa na akiba ya sukari inayoitwa glaikojeni, na hiyo ndiyo hushika iodini. Zilizoanza kuharibika huwa zimeishiwa akiba, hivyo hubaki peupe. Dakika moja kabla, kamera ileile ilikuwa imepita juu ya doa lile na hakuna aliyeliona.

Akanyofoa vipande vya kupeleka maabara. Havikuuma, ila kuona kibano kikiingia na kutoka ndani ya mwili wangu kulinitoa jasho.

Majibu yakaja: si saratani, lakini seli zimebadilika vibaya, zikiachwa huenda zikafika huko. Nikarudi, safari hii wakanilaza usingizi. Doa lilifyonzwa ndani ya kifuniko kidogo kwenye ncha ya kamera, likafungwa kimpira kama unavyofunga mdomo wa mfuko wa sukari, likakatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Sikupasuliwa popote. Nilikaa kwenye benchi la nje nikamlilia baba upya, kwa hasira zaidi kuliko siku ya mazishi.

Nimeambiwa nirudi kumulikwa tena, na chai niiache ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio. Jambo hilo mama hataki kulisikia. Jioni ile alinimiminia kikombe kinachofuka moshi, nami nikakiweka mezani mpaka chai ikafanya utando.

Akakitazama, akanitazama. "Sasa hiyo unamngojea nani?"