Julai Mwanza: mwezi wa kuanika

Mtu akishuka Mwanza mwezi Julai akitokea Dar, neno la kwanza kutoka mdomoni ni baridi. Haiongopi ngozi yake. Alfajiri joto hushuka mpaka nyuzi 15 au 17, ingawa saa nane mchana limesharudi kwenye 28 hivi na sweta liko mkononi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi.

Ila kwa anayeishi huku, baridi ni jambo dogo. Kubwa ni ukavu. Masika yameisha Mei, vuli haijakaribia, na Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote. Wiki tatu bila tone la mvua si ajabu. Chochote kinachotakiwa kukauka, kikauke sasa.

Cha kujua kwanza ni upepo. Kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na Julai unapata nguvu zaidi kwa sababu upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi, unavuma upande huohuo. Jua likishapasha ardhi moto, upepo unalegea. Kuna kipindi cha utulivu kabla ya adhuhuri, bendera hazitikisiki, halafu upepo unageuka na kuanza kutoka ziwani, kaskazini au kaskazini-magharibi, mpaka jioni. Wa asubuhi umepita juu ya ardhi kavu, kwa hiyo unakunywa maji. Wa alasiri umepita juu ya ziwa, umeshashiba. Ndiyo maana dagaa walioanikwa saa moja asubuhi na walioanikwa saa saba mchana hawawezi kuwa sawa, hata kama jua ni lilelile.

Jua nalo lina mambo yake. Saa zetu zinafuata nchi nzima lakini sisi tuko magharibi, hivyo Julai jua linachomoza kama saa 12:50 asubuhi na linafika juu kabisa karibu saa saba, si saa sita. Na likifika juu haliko utosini: liko upande wa kaskazini. Anayejenga kichanja cha kuanikia au kufunga sola aiinamishe kidogo kaskazini kwa miezi hii. Na sola ifutwe vumbi alfajiri, kioo kikiwa bado cha baridi, kwa kitambaa laini na maji matupu. Wiki mbili za vumbi la Julai zinatosha kuifanya taa ya kuvulia dagaa usiku izimike kabla ya mapambazuko, na mwenye mtumbwi akalaumu betri.

Sasa dagaa. Mitumbwi inarudi mwaloni, pale inapotia nanga, alfajiri, na saa ya kwanza baada ya hapo ndiyo inayoamua bei. Dagaa waliorundikwa kwa kina kirefu ndani ya mtumbwi wanapasuka matumbo, kwa sababu waliolala chini wanabanwa na vimeng'enya vya tumbo, vile vinavyosaga chakula, vinaendelea kufanya kazi. Tumia kreti za kina kifupi. Waoshwe kwa maji safi yaliyochotwa mbali kidogo na ukingo. Maji ya pale mitumbwi inapofungwa ni tope, mafuta ya mashine na uchafu wa watu.

Kichanja kizuri ni cha kimo cha kiuno, kama mita 1, na upana usiozidi mita 1.5 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Urefu wake uende mashariki kwa magharibi, upepo wa asubuhi ukikatize na kupita chini. Juu ni wavu wa matundu madogo, milimita 5 au 6, uliokazwa vizuri: ukilegea katikati, dagaa wanateleza na kurundikana humo, na rundo hilo ndilo litakalooza. Chandarua cha mbu kisitumike hata kama ni cha bure. Kina dawa ya kuua wadudu, na hicho ni chakula.

Anika tabaka moja tu. Baada ya saa mbili hadi tatu geuza, usingoje juu paungue. Hapa ndipo wengi wanapokosea mwezi huu, kwa sababu Julai inadanganya. Upepo ni mkavu na jua kali, ngozi ya dagaa inakauka haraka na kuwa ngumu kama ganda, maji ya ndani yakakosa njia. Ukimshika kwa nje unasema tayari. Ukimfunga kwenye gunia, siku ya nne ukungu umeshaota katikati. Jaribio ni rahisi: mkunje dagaa mgongoni, nyuma ya kichwa. Aliyekauka anavunjika kwa mlio. Aliyejikunja kama utepe arudi kichanjani. Mizani nayo inasema kweli: kilo 100 za dagaa wabichi zikikauka sawasawa zinabaki 28 hivi. Ukipata 38, kumi kati ya hizo ni maji, na mnunuzi mzoefu wa soko la Mwaloni, Kirumba, anazijua kwa kutumbukiza mkono tu kwenye gunia.

Jioni waanuliwe kabla jua halijazama, maana usiku wa Julai usio na mawingu una umande mwingi kando ya ziwa, na dagaa mkavu anavuta unyevu kama chumvi. Lakini usiwafunge wakiwa na joto la jua. Watandaze kivulini kwanza wapoe. Joto likifungiwa kwenye gunia linageuka jasho.

Wanaoanika mchangani wana sababu zao, mbao ni ghali. Ila mchanga unashika dagaa angali mbichi na hautoki tena, upepo wa Julai unaongeza mwingine juu, na mzigo wa namna hiyo mara nyingi mwisho wake ni chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha kuku.

Upepo huohuo wa asubuhi una mtego kwa wanaoingia majini. Ukisimama kwenye fukwe zetu za kusini usiku unaona maji yamelala kabisa. Ni kwa sababu upepo unatoka mgongoni mwako na bado haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Kilomita kumi mbele ni habari nyingine. Kwenda ni raha, upepo unasukuma. Kurudi alfajiri ni kupambana nao uso kwa uso huku mtumbwi umejaa, na mashine inakunywa kuliko ilivyokunywa usiku. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe. Na utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, usikilizwe kabla ya kutoka, si baada ya kuona wimbi.

Chini ya maji pia kuna mabadiliko. Miezi mingi maji ya chini kabisa ya ziwa hayana hewa ya kutosha kwa samaki, kwa sababu maji ya juu ni ya moto na hayachanganyiki nayo. Juni na Julai upepo unapoza maji ya juu mpaka nyuzi 24 hivi, yanazama, ziwa zima linajichanganya, na sangara wanatawanyika mpaka vilindini. Mwenye vizimba vya sato apunguze chakula: maji yakipoa sato anakula kidogo, na kinachobaki kinaoza chini ya kizimba.

Nyumbani, upande wa Usukumani, huu ndio wakati wa michembe na matobolwa. Watu wa nje wanavichanganya. Michembe ni viazi vitamu vibichi: vinaachwa vinyauke kidogo, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa vinachemshwa kwanza, viive bila kupondeka, ndipo vinamenywa na kukatwa. Mawe makubwa ya huku ndiyo kianikio bora, kwani yanashika joto mpaka magharibi, ila yafagiliwe na mbuzi wafungwe. Kipande kinene kinaliwa na ukungu kikiwa bado juu ya jiwe. Vikikauka vigongane kama vigae.

Na kwa wanaoona baridi ya usiku haivumiliki: jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limebaki na makaa mawili mekundu. Gesi yake haina harufu, na inaua watu waliolala. Ongeza blanketi, ziba mwanya wa chini ya mlango, na jiko likae nje. Ikifika saa tatu asubuhi utakuwa unatafuta kivuli.