Kiungio cha reli kilichozama kila baada ya wiki tatu: nilivyokituliza

Kiungio hiki, mahali ncha mbili za reli zinapokutana, tulikuwa tumekishindilia kokoto chini yake mara nne, na kila mara kilirudi chini baada ya wiki tatu hivi. Dalili zilionekana hata kwa mbali. Kokoto za karibu na mataruma mawili ya kiungio (mihimili inayobeba reli) zilikuwa zimepakaa tope la kijivu, ambalo jua likikausha hugeuka vumbi jeupe. Treni ikipita, taruma lilitwanga chini kama mchi na tope likaruka pembeni. Kushindilia kokoto za namna hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu: kingo za mawe zimeshasagika, hayashikani tena, na unga wake umeziba njia ya maji.

Safari hii nilianza na vipimo. Nilivuta uzi wa mita 6 juu ya vibao viwili vyenye unene sawa, nikapata kiungio kimebonyea milimita 14. Rula ya chuma ya mita 1 iliyolala juu ya kichwa cha reli ilionyesha milimita 1.5 tu, maana yake ncha za reli zenyewe hazijapinda. Kama ingeonyesha 4 au 5, kuinua mataruma kusingefaa kitu. Reli ingerudi kwenye umbo lake.

Kipimo kinachosahaulika ni cha uwazi uliojificha chini ya taruma. Nilipigilia kigingi cha mti kwenye kokoto, kichwa chake kikigusa kitako cha reli, nikasubiri treni ipite. Uzito ulikididimiza kigingi, reli ikapanda tena, na nafasi iliyobaki kati yao ilikuwa milimita 9. Kwa hiyo, reli ikishanyooka, pengo la kujaza chini ya taruma si 14 bali 23. Hapo ndipo tulipokuwa tunakosea mara zote nne: macho yaliona reli imenyooka, nasi tukajaza nusunusu.

Baada ya hapo, maji. Tulichimbua kokoto kati ya mataruma manne ya karibu na kiungio, hadi milimita 200 chini ya taruma, nafasi moja kwa wakati. Hatukufungua ya pili kabla ya ile ya kwanza kujazwa kokoto safi na kushindiliwa, kwa sababu ukifungua zote pamoja njia haina cha kuishikilia. Tulikata mfereji mmoja kupitia bega la kokoto, upana milimita 300, sakafu yake chini kuliko shimo tulilochimba, ukiteremka kuelekea mtaro wa pembeni, kisha tukaujaza mawe makubwa safi. Zilitumika karibu mita za ujazo 2 za kokoto zenye ukubwa wa milimita 25 hadi 50. Tope tulilitupa chini kabisa ya tuta. Ukiliacha begani linajenga ukingo, na maji yanarudi kulekule.

Fishipleti, yaani vipande vya chuma vinavyounga ncha za reli kwa bolti, sizigusi kama njia haijafungwa rasmi na mwenye bendera hayupo kila upande. Tulizifungua, tukazisugua kwa brashi ya waya, na zile zilizolika katikati tukabadilisha. Hapa usiharakishe. Nyufa za reli huanzia kwenye tundu la bolti na kukimbia kwa mshazari, karibu nyuzi 45, na fishipleti huzificha. Tumia tochi na kioo kidogo. Ukiona ufa, acha kazi ya kuinua, toa taarifa, reli ibadilishwe. Paka grisi sehemu zinazogusana, kaza bolti mbili za kati kwanza, halafu za nje. Nafasi kati ya ncha za reli ilikuwa milimita 13 wakati majirani zake wana 3, kwa hiyo reli ilikuwa imetambaa. Tulilazimika kuivuta irudi, maana pengo pana humpa gurudumu nafasi ya kupiga nyundo. Kumbuka reli ya mita 12 hurefuka kama milimita 1.4 kwa kila nyuzi joto 10, usije ukaziba pengo lote.

Kuinua tulifanya asubuhi na mapema, kipimajoto kikiwa kwenye kiuno cha reli (sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako) upande wa kivuli. Juani reli huwa na joto kuliko hewa kwa nyuzi 15 au zaidi, na kokoto zilizochimbuliwa haziwezi kuizuia isipinde. Jeki mbili, moja kila reli, zote upande wa nje. Jeki iliyokwama ndani ya njia inaweza kuangusha treni. Tuliinua milimita 17, yaani 14 na nyongeza ya 3 ya kushuka, tukapunguza taratibu kwa mataruma matatu kila upande. Pimamaji iliwekwa kila mita 3, kwani njia iliyopindana, reli moja ikiwa juu na nyingine chini, ni hatari kuliko iliyobonyea.

Watu wanne kwa taruma moja, wawili kwa kila reli wakitazamana, sururu ikiingia kwa mshazari, milimita 400 kila upande wa reli. Katikati hapashindiliwi. Taruma likikalia tumbo lake huyumba kama mizani na mwisho huvunjika. Kisha gonga kwa mtaimbo: likilia kama debe tupu, rudia, sauti nzito ndiyo unayoitaka.

Treni za kwanza zilipita kwa 30 km/saa. Siku iliyofuata kiungio kilikuwa kimeshuka milimita 2, baada ya wiki moja milimita 3, na bolti zikakazwa upya mara zote mbili. Baada ya miezi mitatu na mvua kubwa mbili, uzi ulionyesha bado kiko pale pale, na kigingi kilionyesha uwazi wa milimita 1 tu.