Mikeka ya Ng'ombe wa Shangazi

Mwaka 2017 watumishi wa serikali walikuwa wanahamia Dodoma kwa mafungu, na shangazi yangu pale Nkuhungu hakuwa na maziwa ya kuwatosha wateja. Ng'ombe wake, chotara wa Friziani, alikuwa amechubuka vifundo vya miguu ya nyuma kwa kulalia zege. Mchanga tuliomwagia uliishia mtaroni. Shangazi akaagiza mikeka ya mpira. Majirani wakacheka: ng'ombe wa mjini huyo, sasa anatandikiwa godoro!

Mizigo ilipofika, wa kuchekwa tukawa sisi wabebaji. Kila mkeka futi sita kwa nne, unene milimita 18, uzito unakaribia kilo 50, na hauna pa kushika. Ukiukamata katikati unajikunja, ukiukamata pembeni unakuponyoka.

Fundi alikuwa baba mdogo. Alikataa katakata kupima mchana. Jua la Oktoba la Dodoma mnalijua; mpira ulioanikwa unatanuka, na ukikatwa hivyo, ukipoa usiku viungo vinaachana na mkojo unapata pa kukaa. Tukaiacha mikeka kivulini hadi kesho yake alfajiri.

Kwa macho yangu kona za banda zilikuwa sawa. Akazipima kwa tatu, nne, tano: futi tatu ukuta huu, futi nne ukuta ule, basi mshazari lazima usome tano. Haukusoma. Aliyejenga banda lile sijui alikuwa anaangalia wapi. Ikabidi kila kipande kipimwe ncha zote mbili, vipimo vikaandikwa kwa chaki juu ya mpira wenyewe. Kando ya ukuta akaacha nafasi ya unene wa penseli, mpira upate pa kutanukia mchana.

Kukata ndiko kulikonifurahisha. Bomba la chuma la mraba ndiyo rula, kisu cha kukatia kapeti, na kopo la maji ya sabuni ili wembe usigande. Mpira ule hukatwi kwa mkupuo mmoja. Unachora mstari, unarudia, halafu unasukuma ubao chini yake ili mkato ufunguke, unapitisha tena. Nilipendekeza msumeno, baba mdogo hakunijibu. Mifereji iliyo upande wa chini wa mikeka aliielekeza mtaroni, kufuata mteremko wa sakafu, na viungo akavipishanisha kama matofali.

Jioni ng'ombe akaletwa. Akanusa mlangoni, akarudi nyuma. Weusi ule ulikuwa mgeni kwake. Tukaanza kuvuta kamba.

"Mwacheni!" shangazi akafoka. "Mnamvuta anakwenda kuchinjwa?"

Akachota samadi na majani ya jana, akayatandaza juu ya mpira wote ambao mdogo wake alikuwa ametoka kuupiga deki. Ng'ombe akanusa tena, akaingia, akanya papo hapo.

"Haya dada," baba mdogo akasema akikunja tepu, "chai iko wapi?"