Sindano 13 kwa mwaka, si 12

Mgonjwa mwenye valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyoharibiwa na homa ya rumatiki akitoka kupimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, swali lake huwa moja: nitapasuliwa? Daktari wa moyo yeye anaanzia kwingine: mara ya mwisho ulichomwa penisilini lini? Mara nyingi jibu la swali hili ndilo linaloamua lile la kwanza.

Ugonjwa huanzia kooni. Bakteria aina ya streptokoka wanaleta mafindofindo, kinga ya mwili inapambana nao, kisha inazigeukia valvu za moyo, hasa ya mitrali, iliyo upande wa kushoto. Kila shambulio linaongeza kovu juu ya kovu. Benzathini penisilini, ndiyo sindano yenyewe, haifuti kovu. Inazuia shambulio linalofuata. Kaskazini mwa Uganda watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kwenye eko, bila kuumwa, walifuatiliwa miaka 2. Waliochomwa kila wiki 4, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 tu, wasiochomwa, asilimia 8.2.

Dozi ni yuniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 27 na kuendelea, laki 6 kwa aliye chini ya hapo, kila siku 28. Hesabu inaharibikia hapa. Kadi ikiandikwa “kila mwezi”, aliyechomwa tarehe 3 atarudi tarehe 3, siku 30 au 31 baadaye, na mwaka utaisha amekosa sindano nzima. Wiki ya nne dawa iliyobaki kwenye damu tayari ni kidogo. Kwa hiyo shika siku ya wiki: aliyeanza Jumanne abaki na Jumanne. Anayepata shambulio jingine ilhali hajakosa hata sindano moja, husogezwa hadi kila siku 21.

Kinachowakimbiza watoto ni maumivu, na sehemu kubwa yake inatokana na uchomaji wa haraka. Dawa hii ni nzito, huziba sindano ikicheleweshwa baada ya kuchanganywa. Itikiswe vizuri, ipashwe joto kiganjani, ichomwe ndani ya msuli kwa sindano ya geji 21, taratibu, dakika 2 hadi 3. Lignokaini (dawa ya ganzi) kidogo ndani yake husaidia sana. Nesi asome na chupa: zipo za yuniti milioni 2.4, ambazo kwa ugonjwa huu hata mtu mzima hapewi zaidi ya nusu.

Mgonjwa anayehema hata akiwa amekaa, miguu imevimba, asichomwe kabla daktari hajamwona. Baadhi ya vifo vilivyodhaniwa ni mzio huenda vilikuwa vya moyo dhaifu ulioshindwa kuhimili presha iliyoshuka ghafla. Huyo anaweza kupewa vidonge vya penisilini V, miligramu 250 mara mbili kwa siku. Wengine wachomwe wakiwa wamelala, wamekunywa maji, kisha wasubiri nusu saa.

Kuwekewa valvu ya chuma hakumalizi sindano, ingawa wengi huacha hapo hapo. Valvu zilizobaki bado zinashambuliwa. Kinachoongezeka ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikiwa kati ya 2.5 na 3.5 kwa valvu ya mitrali. Wanaotumia warfarini wanakatazwa mchicha na matembele bila sababu. Waendelee kula mboga hizo, ila kiasi kisibadilike-badilike. Cha kuogopa zaidi ni metronidazoli ya duka la mtaani, inayonunuliwa tumbo likivurugika: hupandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Na siku ya sindano INR ipimwe kwanza, kwa sababu ikiwa juu, damu itavujia ndani ya msuli.